Kodi ya Mabuti Yasiyouzwa

Jumatatu, 4 Januari 2016
Naianza shajara hii nikiwa na hasira, na sioni haya kulikiri. Baba yangu, Verlyn Lunde, ametamka leo mbele ya chai ya asubuhi, kwa sauti ile ile anayotajia hali ya hewa, kwamba huenda mwaka huu asitie saini oda ya mabuti. Oda ya mabuti ya baridi hutiwa saini kabla ya Machi kwisha, nayo mali hufika Septemba. Duka la viatu la mji huu wa Halden lisipokuwa na mabuti limekufa. Kilichobaki ni kulizika tu. Babu alilifungua, baba akalirithi, nami nilijifunza kuhesabu kwa namba za soli.

Muuaji ninamjua. Sheria yetu inamtaka baba atoze kodi ya mauzo, senti sita kwa kila dola, kwa kila jozi inayotoka mlangoni. Muuzaji wa mtandaoni aliye mbali, asiye na hata tofali moja katika Dakota Kusini, hatozi kitu, kwa kuwa mahakama kuu ya nchi ilikwisha amua zamani kwamba jimbo halina mkono wa kumfikia. Hivyo serikali yetu humtoza faini mtu kwa kosa la kuwa jirani yetu. Mwezi huu Baraza la Jimbo litaletewa muswada wa kulivunja jambo hilo. Nimeapa kwamba sauti yangu itasikika humo.

Jumatano, 6 Januari
Kuhesabu mali ya mwaka. Nilihesabu rafu za mabuti ya watoto mara tatu, na mara zote tatu zikapungua jozi arobaini na moja.

"Baba, jozi arobaini na moja hazipo."

"Zipo."

"Ziko wapi?"

"Miguuni," akasema, akaendelea kufuta vumbi.

Ilinibidi nimkamue kama mtu anayekamua nguo iliyoganda. Kila Oktoba Bi. Marlys Feigel, karani wa shule ya msingi, humpigia simu na kumtajia namba za miguu, bila majina. Ni miguu ya watoto ambao baridi itawakuta na viatu vya kitambaa. Baba huzipeleka jozi hizo shuleni katika boksi lisilo na maandishi. Bi. Marlys huzipaka matope kidogo, huzikunjakunja shingo, kisha huzitia katika sanduku la vitu vilivyopotea. Theluji ya kwanza ikianguka, humwita mtoto mmoja mmoja na kumwuliza, "Haya si yako, uliyoyasahau mwaka jana?" Na mtoto ambaye mwaka jana hakuwa na mabuti yoyote hujibu kwamba ndiyo, ni yake.

Nikamwuliza ni nani anayejua. Akasema ni yeye na Marlys, na kabla yao babu na karani aliyekuwapo.

"Na hili linabaki hapa dukani, Britta."

"Ndiyo, Baba."

Ijumaa, 8 Januari
Digrii ishirini chini ya sufuri. Wateja watatu. Mmoja alinunua kopo la rangi ya viatu.

Jumamosi, 16 Januari
Chuoni. Tumekutana watu kumi na wanane katika chumba cha chama cha wanafunzi, na nimechaguliwa kusema kwa niaba yetu katika mji mkuu, Pierre, muswada utakapofika kamatini. Tobin Strand, katibu wetu, ambaye hana jambo asilolifanyia mzaha, ameniita Komredi Buti, na jina limeshika papo hapo.

Niliwaeleza jambo ambalo wengi hawakulijua: kwamba kodi hiyo tunadaiwa tayari. Muuzaji wa mbali asipoitoza, mnunuzi mwenyewe anapaswa kujaza fomu na kuipeleka serikalini. Inaitwa kodi ya matumizi. Nikauliza ni nani humu ndani aliyewahi kuijaza. Wakacheka wote kwa pamoja. Hicho ndicho kicheko ninachokwenda kukishtaki. Taifa zima linaishi kwa sheria ambayo kila mtu anaivunja kwa kidole kimoja akiwa kitandani, halafu Jumapili linaomboleza kwamba barabara kuu ya mji ina madirisha matupu.

Jumamosi, 23 Januari
Nimerudi Halden kusaidia dukani. Leo amekuja Curt Amdahl, kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya sekondari, mtu mwenye kifua cha kuimbia wimbo wa taifa. Alikuwa amebeba jozi kumi na mbili za viatu vya timu, alizoziagiza mtandaoni. Jozi nne zilikuwa zinabana. Akamwomba baba azitanue mahali pa vidole kwenye kalibu yake ya kutanulia viatu.

"Nilijua wewe ndiye mwenye mashine, Verlyn. Huko kwenye kompyuta hawatanui."

"Hapana, hawatanui," baba akasema.

Akazitanua zote nne. Kocha alipouliza ni kiasi gani, baba akasema si kitu, timu ishinde tu. Nikamfuata stoo na kumwambia kwamba ule si wema bali ni kusalimu amri. Akaniuliza kama nimekula.

Jumanne, 2 Februari
Dhoruba. Redio imesoma majina ya shule zilizofungwa kwa robo saa nzima. Nimeandika hotuba kurasa sita, nikafuta nne.

Alhamisi, 11 Februari
Ushahidi nilitoa jana. Nitaandika kila kitu kwa mpangilio, maana tangu jana kichwa changu kinayarudia kwa vipande.

Tulikuwa magari mawili. Mto Missouri ulikuwa umeganda hadi katikati, na ukumbi wa kamati ulikuwa na joto la tanuri. Kabla yangu alisema wakili wa wauzaji wa mbali, aliyekuja kwa ndege, mtu mpole mwenye tai ya buluu. Alisema wateja wake wanalipenda jimbo letu. Alisema majimbo na miji ina viwango vya kodi maelfu na kwamba mfanyabiashara mdogo atazama katika fomu. Aliposema neno "mdogo" alikiweka kiganja juu ya moyo wake.

Kisha wakaniita. Nilisimama. Nilisema kwamba baba yangu anatoza kodi kwa ajili ya jimbo hili tangu nilipokuwa sijazaliwa, bila mshahara wala asante, na kwamba malipo yake ni kuadhibiwa mbele ya kila mteja kwa bei iliyozidi ya yule asiyetoza. Nilisema kwamba barabara ambayo gari la vifurushi hupitia imejengwa kwa senti za baba yangu, na kwamba tunamlipia mshindani wake njia ya kuja kumwua. Niliona maseneta wawili wakiweka kalamu chini ili wasikilize. Ladha yake naijua, nami sitajidanganya: ni tamu. Mtu anapousikia ukumbi ukinyamaza kwa ajili yake, huwa yuko tayari kutoa chochote ili unyamaze zaidi.

Nami nikatoa. Nilisema: "Kila mwaka baba yangu huwavisha mabuti watoto arobaini wa mji wetu, watoto maskini, bila malipo na bila kutaka kujulikana. Nionyesheni muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyewahi kumvisha mtoto mmoja wa Halden."

Ukumbi ulinyamaza, kama nilivyotaka.

Kisha Seneta Orval Grieb, mfugaji mzee anayeupinga muswada, akavua miwani na kuipangusa na ncha ya shati lake.

"Binti, umesema vizuri," akaanza. "Nina swali moja la kijinga. Hayo mabuti anayoyagawa, kodi yake hulipwa na nani?"

"Kodi gani, Mheshimiwa? Hakuna aliyeuza, hakuna aliyenunua."

"Si ndiyo maana nauliza? Aliyanunua kwa jumla bila kulipa kodi, kwa sababu alisema anakwenda kuyauza. Hakuyauza. Sasa mtumiaji ni nani?"

Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo, si kwa ubaya, kama watu wanavyomcheka ndama anayejaribu kusimama. Damu ilinipanda usoni. Nikajibu, na maneno haya yameandikwa katika kumbukumbu za kamati: "Baba yangu hulipa kila anachodaiwa na jimbo hili, hadi senti ya mwisho, na nawakaribisha mkafungue vitabu vyake."

Makofi. Tobin alinipiga mgongoni hadi nikakohoa. Muswada ulipita kamatini.

Jumamosi, 13 Februari
Gazeti la wilaya limeichapa habari kwenye ukurasa wa kwanza: mwenye duka wa Halden awavisha watoto arobaini kwa siri. Picha yangu, mdomo wazi.

Baba alilisoma amesimama. Akalikunja, akatoka nje, akapiga koleo theluji mbele ya duka, mahali ambapo alikuwa amekwisha piga koleo saa moja kabla. Nilimngoja aseme neno. Aliporudi alisema upepo umegeukia kaskazini.

Jumatatu, 15 Februari
Sikukuu, chuo kimefungwa. Bi. Marlys amekuja dukani akiwa na bakuli la viazi na nyama ya kusaga lililofunikwa kwa karatasi ya aluminiamu. Hapa kwetu bakuli la namna hiyo hupelekwa kwenye msiba, na kwa kuwa hakuna aliyekufa, nilielewa.

Alilitua juu ya kaunta. Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba habari ilikuwa imesomwa redioni Alhamisi jioni, na Ijumaa shuleni watoto wa darasa la nne waliwapanga wenzao mstari kwenye veranda na kukagua mabuti yao, aliye na alama ya kampuni ambayo baba huagiza mabuti yake akiitwa "wa Lunde". Wapo walionunuliwa mabuti yale yale hapa dukani kwa fedha za wazazi wao; nao wameitwa hivyo hivyo, wakalia na kuapa.

"Miaka kumi na tisa nayapaka matope kwa mikono yangu," akasema. "Ulishindwa kusema kitu kingine, mama? Huko chuoni hamna mifano mingine?"

Nilianza kueleza kwamba muswada ulikuwa hatarini. Akanitazama kama mtu anayengoja mtoto amalize kukohoa.

"Muswada utapata mama yake wa kuutetea. Hao watoto wana mama zao pia, nami ndiye nitakayewaangalia usoni kesho asubuhi."

Alhamisi, 18 Februari
Chuoni. Sikwenda darasani.

Jumamosi, 20 Februari
Jozi saba. Zilikuwa zimeachwa mbele ya mlango wa duka asubuhi, katika mifuko ya plastiki, zimeoshwa, soli zimesuguliwa kwa mswaki. Hakuna barua. Baba alizipanga kwenye benchi ya kupimia, kisha akazitia mkono ndani, moja baada ya nyingine, kuona kama zimekauka.

Nje ilikuwa digrii tisa chini ya sufuri. Watoto saba walikuwa mahali fulani katika baridi hiyo, wamevaa heshima.

Jumatatu, 22 Februari
Jozi kumi na moja zaidi, kasema baba katika simu. Na barua kutoka ofisi ya kodi: mkaguzi atafika Machi. Imetaja miaka mitatu ya vitabu.

Nilimwuliza kama amekasirika. Akasema: "Hapana. Barua imeandikwa kwa adabu."

Jumapili, 28 Februari
Mahubiri yalikuwa juu ya kutoa sadaka kwa mkono wa kulia bila mkono wa kushoto kujua. Mchungaji hakunitazama hata mara moja, kwa juhudi ambayo kanisa zima liliiona.

Jumanne, 8 Machi
Likizo fupi ya chuo. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea adui. Kichwani nilikuwa nimekwisha mchora: mwanamume, suti, mkoba wa ngozi. Amekuja Bi. Janelle Rausch, mwanamke wa miaka hamsini hivi, na kompyuta yake katika mfuko wa kushonwa kwa mkono, na chupa yake mwenyewe ya kahawa. Nilimkaribisha kahawa yetu kwa ubaridi. Akasema asante, haruhusiwi kupokea kitu kwa anayemkagua, hata kahawa. Nikamwambia huo ni unafiki wa serikali. Akasema huenda ikawa hivyo, ila kahawa yake ni nzuri pia.

Alikaa katika stoo siku nzima. Mchana nilishindwa kujizuia, nikaingia na kumwuliza kama ofisi yake haina kazi nyingine. Kama kampuni zinazouza mamilioni jimboni humu bila kulipa ndururu zimekwisha kaguliwa zote, hata ikafika zamu ya mzee mmoja na mabuti ya watoto.

"Hao siwezi kuwagusa. Hawana mlango hapa ninaoweza kuugonga," akasema.

"Kwa hiyo unagonga uliopo."

"Nagonga uliopo. Na huu, dada, ulinikaribisha wewe." Akaifungua karatasi. Ilikuwa hotuba yangu, ukurasa wa pili, na mstari mmoja ulikuwa umepigwa wino wa manjano. "Mbele ya kamati nzima, kwa maandishi. Ningeweza kujifanya sijaisoma. Lakini nilipokuwa mpya kazini nilijifanya hivyo mara moja, na niliyemwacha na niliyemkamata kwa kosa lile lile wakaja kujuana."

Nikarudi kaunta.

Jioni alitusomea matokeo. Mabuti yaliyogawiwa katika miaka mitatu: jozi mia moja ishirini na tatu, kodi kwa bei ya jumla. Kisha kukawa na rafu za chuma na mashine ya kuchapa risiti, vilivyonunuliwa mwaka juzi kwa muuzaji wa mtandaoni wa jimbo jingine ambaye hakutoza kodi, na duka halikuilipa. Baba akasema hakumbuki kununua chochote mtandaoni, hata hajui inavyofanywa.

"Ni mimi," nikasema.

Ni mimi niliyeagiza. Nilikuwa bwenini, nikaona bei iko chini, nikabonyeza, nikampigia baba simu kumwambia nimemwokolea fedha. Alinisifu. Sikuwahi kulikumbuka mpaka leo lilipotajwa na mtu wa serikali aliyevaa viatu vilivyochanika pembeni.

Jumla pamoja na riba: dola mia sita na kumi na moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maelfu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kufilisika, kwa minyororo mlangoni, kwa kitu ambacho ningeweza kukifanyia hotuba. Baba aliandika hundi papo hapo. Akamwuliza kama kuna njia sahihi ya kutoa kitu, ili asikosee tena. Bi. Janelle akaeleza: akiondoa jozi rafuni kuigawa, aiandike mwezi huo huo, ailipie kodi yeye mwenyewe kama mtumiaji. Basi. Baba akaitikia kwa kichwa.

"Nilidhani ikishatoka bure haimhusu mtu," akasema.

"Wengi hudhani hivyo, Bwana Lunde."

Alipoinuka kuondoka, baba akamwambia kwamba, samahani, viatu hivyo si namba yake; mguu wa kulia unabanwa. Akamketisha, akapiga goti, akampima kwa kile kipimo cha chuma. Alikuwa anavaa nusu namba chini tangu, yamkini, ujana wake. Yule mwanamke akautazama mguu wake kama mtu aliyeambiwa jina jipya. Hakununua viatu, alisema si vizuri, leo. Alinunua kamba jozi moja, akalipa na kodi yake, akadai risiti.

Nilitaka kumchukia hadi nifike mwisho wa ukurasa huu. Sikufaulu, na hilo nalo limeniudhi.

Jumatano, 16 Machi
Mvua na theluji pamoja. Timu ya kocha Amdahl imetolewa robo fainali.

Jumatano, 23 Machi
Gavana ametia saini. Chuoni walipiga vigelegele, wakanibeba juu juu kwenye ngazi za maktaba. Nikiwa juu niliiona miguu ya Tobin: mabuti mapya ya kupandia milima, ngozi ya kahawia, kamba nyekundu. Nikamwuliza, wakati bado amenishika goti, ameyanunua wapi.

"Usinianze, Komredi Buti."

"Wapi, Tobin?"

"Mtandaoni. Sheria ikianza nitalipa. Si ndiyo maana tumeipigania, ili tulazimishwe?"

Wote wakacheka, nami nilicheka nao. Nakiandika kicheko changu hapa kwa sababu ni kweli kilitoka.

Alhamisi, 31 Machi
Leo ilikuwa siku ya mwisho ya oda. Nilitoroka mtihani mdogo, nikaendesha gari saa mbili nikiwa na hoja zangu zimepangwa. Nilimwambia baba kwamba tumeshinda; kwamba kuanzia Mei wauzaji wa mbali watatoza kama yeye; kwamba huu ndio mwaka wa kuagiza, si wa kuacha. Fomu ilikuwa juu ya kaunta, na kalamu juu yake.

Alinisikiliza hadi mwisho. Sijawahi kumwona mtu asikilizaye vizuri kuliko yeye. Ni kipaji kinachotumiwa vibaya na kila mtu.

"Kampuni haipokei oda ya chini ya jozi mia mbili," akasema. "Wewe umehesabu stoo, unajua. Nauza ngapi?"

"Mia na kumi. Mia na ishirini."

"Na nyingine?"

Nilitazama rafu za mabuti ya watoto, naye akaendelea:

"Hasara yake ilikuwa yangu, na sikuwahi kuilalamikia. Miaka hii kumi, Britta, sikuwa naagiza kwa ajili ya hao wanaonunua. Hao wana kompyuta. Nilikuwa naagiza kwa ajili ya wale arobaini. Marlys anasema mwaka huu hatapiga simu. Anasema hakuna mtoto atakayelisogelea lile sanduku, hata kama amepoteza kweli."

Nikamwambia watoto husahau. Nikamwambia tutatafuta njia nyingine, mfuko wa mji, kamati, mabuti ya kampuni nyingine. Nikajisikia nikisema neno "kamati" na nikanyamaza.

"Baba, niambie nimekosa. Niambie tu."

Alifikiri. Akaivuta fomu, akaikunja mara mbili kwa uangalifu, kingo kwa kingo.

"Ulisema kweli tupu," akasema. "Kila neno. Ndiyo shida yenyewe."

Duka litafungwa mali ikiisha. Amesema Juni, labda Julai. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 9 Aprili
Tangazo la punguzo limebandikwa dirishani. Watu sitini na wawili, siku moja. Foleni. Sijaona foleni katika duka hili tangu nizaliwe. Kila mmoja aliukamata mkono wa baba na kumwambia ni huzuni iliyoje, mji hautakuwa ule ule, akauliza kama punguzo linahusu na soksi.

Kocha alinunua viatu jozi tatu. Aliuliza kuhusu kalibu, kama itauzwa.

Ijumaa, 29 Aprili
Sheria yetu haitaanza. Jimbo na kampuni kubwa za mbali zimefikishana mahakamani wiki hii, na hadi kesi iishe, hakuna muuzaji wa nje atakayetozwa hata senti. Wanasheria wanasema itakwenda hadi mahakama kuu ya nchi; mwaka, miaka miwili. Walioitunga walijua itakuwa hivyo. Waliitunga ili ishtakiwe. Kila mtu mwenye akili alijua, isipokuwa wanafunzi waliobebwa kwenye ngazi. Sheria ya kumfikia aliye mbali imelazwa usingizi, na ile ya kumfikia aliye karibu ilikuja na chupa yake ya kahawa ndani ya wiki nne.

Hayo ningeweza kuyaandikia makala, na Tobin ameomba niyaandike. Lakini leo mchana limetokea jambo jingine.

Baba alikuwa juu ya ngazi akishusha maboksi, nami nilikuwa kwenye mashine ya risiti. Aliingia mwanamke ninayemjua kwa sura tu, Tawny Kessler, anayeosha vyombo katika nyumba ya wazee. Alikuwa ameshika mfuko wa plastiki. Akautua kaunta na kuufungua. Mabuti ya mtoto, jozi mbili, moja ndogo kuliko nyingine; baridi mbili za mtoto mmoja.

Nilidhani anayarudisha. Nikaanza kusema kwamba hakuna haja.

"Sirudishi," akasema. "Nimesikia Verlyn alilipishwa kodi ya haya. Ni kiasi gani?"

Baba alishuka ngazi taratibu. "Tawny, hilo limekwisha."

"Kwako limekwisha. Kwangu bado. Mabuti ulitoa wewe, sawa, sikukuomba na sitakushukuru, maana sikuambiwa. Lakini serikali sikukutuma unilipie. Kiasi gani?"

Alikuwa ameweka kaunta noti ya dola tano. Nilimtazama baba. Nilijua atakataa, uso wake wote ulikuwa unakataa. Kisha nikamwona akielewa jambo ambalo mimi, pamoja na masomo yangu, nililielewa nusu dakika baada yake: kwamba akikataa, atakuwa amempa tena.

"Kwa bei ya jumla," akasema, "ni dola mbili na senti ishirini na nane kwa jozi. Mbili ni nne na hamsini na sita."

"Usinipunguzie."

"Ndivyo ilivyo. Mkaguzi ndiye aliyepiga hesabu. Britta, mwandikie risiti."

Niliandika. Mashine ile niliyoinunua mtandaoni ikatoa karatasi yake. Nikampa senti arobaini na nne za chenji, akazihesabu kiganjani mwake, moja moja, mbele yangu. Akaisoma risiti tangu juu hadi chini, akaikunja na kuitia ndani ya buti la kushoto la ile jozi kubwa.

"Sasa atayavaa," akasema, si kwangu.

Baba alimfungulia mlango. Theluji ya mwisho ilikuwa imekuwa tope, na yule mama alikanyaga pembeni pembeni kama mtu mwenye soli nyembamba. Baba alimtazama miguu hadi alipokata kona. Kisha akarudi kwenye ngazi yake.

Nimeketi na kalamu hii nikitafuta sentensi ya kusimama juu yake, na ninayo moja tu. Nilisimama mbele ya jimbo zima nikadai kodi ikusanywe kwa walio mbali na wenye nguvu. Kodi yote iliyokusanywa kwa hotuba yangu hadi leo imetoka kwa baba yangu, na kwa Tawny Kessler, na ya pili niliipokea kwa mkono wangu mwenyewe.